Ovadraivu Iliyogoma Kuachia

Winifred Pickersgill wa Coventry hakujua kukaa. Mama yake alisema hata utotoni alilala huku miguu inakimbia. Kiwandani, alikofunga ovadraivu miaka ishirini na sita, mikono yake ilikuwa na kasi mpaka saa ya ukutani ikaona haya, ikasimama. Anayebisha na aende akaiangalie. Imesimama mpaka leo.

Sasa Win ana miaka sabini na sita, kiwanda kimekuwa duka la mazulia, na yeye bado anafunga ovadraivu gerejini kwake. Ni lile sanduku dogo lililofungwa nyuma ya giaboksi kwenye magari ya zamani: ukishika barabara kuu unabonyeza swichi, injini inashusha pumzi, gari linazidi kuteleza.

Miaka yote hiyo alifanya kazi na Doreen Hasnip, shoga yake. Kiwandani walikaa meza moja, Doreen kushoto, Win kulia, na gerejini vilevile. Mwezi wa nne Doreen akahamia Hispania akayaanike magoti yake juani. Wiki tatu baadaye giaboksi likamponyoka Win kwenye jeki, likaukosa mguu wake kwa upana wa kidole. Binti yake, Lorna, akaja mbio.

"Mama, imetosha. Vyuma hivi viondoke."

"Labda niondoke navyo."

Walibishana mpaka buli la chai likapoa mara mbili. Mwishowe wakakubaliana: Win afunge ovadraivu moja peke yake, ya Norman Tunnicliffe. Ikifanya kazi, gereji inabaki. Isipofanya, Jumamosi Lorna anakuja na gari la mizigo.

Ijumaa asubuhi Win na Norman wakalitoa gari kulijaribu. Norman ni fundi bomba mstaafu, mwenye gari dogo la kijani analolipenda kuliko ndugu zake. Akabonyeza swichi. Tiki! Injini ikatulia.

"Win! Linakwenda kama linaota!"

"Zima sasa."

Norman akazima. Injini haikubadilika. Akawasha, akazima, akaigonga swichi kwa kidole. Wapi! Ovadraivu imeingia na haitaki kutoka.

Walirudi polepole. Norman akaingiza pua ya gari uani kwa Win, likakaa upande, akashika gia arudi nyuma alinyooshe. Win akamchapa mkono.

"Wewe! Ukipiga rivasi ovadraivu ikiwa imeshika, humo ndani vyuma vinabaki kokoto!"

"Sasa nitatokaje?"

"Hutoki."

Basi gari likabaki pale, makalio yakiwa barabarani. Majirani wakalizunguka na mbwa wao, wanachungulia, wanatikisa vichwa.

Win akaanza kusaka ugonjwa. Akapima waya, mzima. Akatazama mkono wa chuma unaovutwa na umeme, unarudi mahali pake sawasawa.

"Labda ni umeme," Norman akasema.

"Waya nimeung'oa, Norman. Hakuna umeme humo. Bado imeng'ang'ania."

"Labda imekupenda."

"Nenda nyumbani, Norman."

Norman akaenda kwa miguu. Win akazunguka gari mara kumi na tisa. Akachemsha chai, hakuinywa, akachemsha nyingine. Samaki na chipsi za Ijumaa zikapoa kwenye karatasi yake. Akaanza kuzihesabu spana zake kama mtu anayeaga wageni, kisha akajikasirikia, akarudi jikoni.

Akapanga vijiko mezani viwe vipuri, akafumba macho, akaiacha mikono ifanye kama kiwandani. Gololi. Plunja, kile kipini cha kuikandamiza. Springi. Kizibo. Akarudia. Mara ya tatu akagundua jambo: kabla ya gololi, mkono wa kushoto ulikuwa unanyooka pembeni, unafumbata hewa tupu. Ulikuwa unapokea kitu. Vali ile nyembamba kama kalamu, siku zote ilitoka mkononi mwa Doreen.

Akapiga simu.

"Doreen, ile vali nyembamba. Kabla hujanipa, ulikuwa unaifanya nini?"

"Hata salamu hamna? Nilikuwa naipuliza."

"Unaipuliza?"

"Si ina kitundu ubavuni, kama tundu la sindano? Ukizima swichi, oili inatokea hapo. Napuliza mpaka ilie. Win, miaka yote hiyo ulidhani napiga mluzi kwa raha?"

"Nilidhani unanikera makusudi."

"Na hilo nalo lilikuwemo."

Win hakuaga hata kuaga. Akaingia ndani ya gari, akainua kifuniko cha sakafuni, akafungua kizibo. Akatoa springi na plunja, gololi akaivuta kwa sumaku, vali akaiopoa kwa waya. Akaiweka kwenye mwanga. Kitundu kilikuwa kimezibwa na tone la gundi, gundi aliyoipaka yeye mwenyewe kwenye kizibo oili isivuje. Oili yenye presha imeingia, mlango wa kutokea hakuna. Akakizibua kwa uzi wa shaba, akapuliza. Vali ikalia. Akapuliza tena bila sababu, uso mzima oili.

Jumamosi asubuhi Lorna akaja na gari la mizigo la kukodi. Win akamwonyesha kiti cha nyuma cha gari la Norman.

"Panda. Ushuhudie mwenyewe."

Barabarani Norman akawasha, akazima. Ikaachia. Akarudia mara kumi na mbili mpaka Lorna akamwomba apumzike. Waliporudi uani, Norman akashika gia, jasho linamtiririka.

"Rudi nyuma," Win akasema. Sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Gari likarudi nyuma taratibu, kimya, likanyooka.

"Na umefanya peke yako, Mama?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Win akaumeza.

"Hapana. Nilimpigia Doreen."

Norman akatazama viatu vyake. Lorna akatazama gereji, akatazama mguu wa mama yake.

"Ulimpigia kabla hujaanza kufungua?"

"Kabla."

"Basi sikiliza. Mimi sina ugomvi na vyuma. Ugomvi wangu ni wewe kulaliwa na giaboksi Jumapili, mimi nikajua Jumanne. Ukitaka gereji, unapiga simu kila siku kabla hujashika spana. Kwangu au kwa Doreen."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Win akalipima neno hilo, akaliona zito kuliko giaboksi lolote alilowahi kubeba.

"Haya," akasema. "Hilo gari la mizigo umelikodi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni. Kwa nini?"

Win alikwisha kufungua mlango wa gari hilo, mguu mmoja ndani.

"Kuna mtu Kenilworth ana giaboksi lake linanisubiri. Twende, binti yangu. Norman, nawe panda. Lile mtu hawezi kulibeba peke yake."