Kifuu Kilichoingia Sandukuni

Mchwa waliimaliza rafu yangu ya mbao kwa muda wa, tuseme, dakika kumi. Niliokoa vitabu vitatu vya mapishi, na sanduku langu la bati lina nafasi ya viwili tu. Dada yangu anakaanga bajia njia panda. Alifika kabla sijamaliza kupangusa vumbi. Kitakachobaki nje ya sanduku alikitaka cha kufungia bajia.

Cha kwanza ni cha Kireno, nilichojinunulia siku nilipopata cheti cha shule ya usiku. Ukikiangusha hapa Palma, watu wa kijiji cha Mute wanadhani gari limepinduka. Kila ukurasa unadai forno, yaani oveni ya umeme, siagi na samaki mkavu wa nchi za baridi, na mimi samaki wabichi wanapitishwa mlangoni. Nimekisoma chote. Sijapika humo hata chai.

Cha pili kilivuka Rovuma ndani ya mzigo wa vitenge wa shemeji yangu. Ukurasa wa sambusa umelowa mafuta hadi unaona upande wa pili. Hicho hakikuwa na kesi.

Cha tatu ni daftari. Mwalimu wa usiku alitaka tuandike jambo la nyumbani, nikamkalisha mama mkwe anitajie mkate wake wa kumimina. Yeye hasomi, lakini tangu hapo kila akija huuliza kama mkate wake bado umo. Ndiyo maandishi yangu ya kwanza, herufi kubwa kama kuku. Dada akapapasa karatasi, akasema hii inanyonya mafuta vizuri.

"Mdogo wangu, hili nalo linapika?"

Nikamjibu aje kesho pamoja na mama mkwe, atakula mpaka asahau njia ya kwake.

Nikafuata daftari neno kwa neno: vifuu vitatu vya mchele, tui la nazi moja, kijiko cha hamira. Ukatoka mkate ambao fundi yeyote angeujengea ukuta. Dada aliugonga kwa kidole kama anabisha hodi, kisha akalivuta daftari upande wake.

Mama mkwe akatafuna kwa subira.

"Umepimia kifuu gani?"

"Hiki cha jikoni kwangu, mama."

"Hicho si cha kuogeshea mtoto?"

Akacheka hadi ushungi ukamdondoka. Kifuu cha daftari ni chake, kidogo, alichoachiwa na mama yake. Mimi nilikuwa nimeandika kifuu tu, kana kwamba nazi zote duniani ni mapacha. Akamwambia dada aliache daftari kwanza, akaenda kwake, akarudi na kifuu cheusi kwa moshi, ukingo umelika.

Kesho yake tulipimia hicho. Mkate uliumuka hadi nikalihofia paa. Dada alikula vipande vinne, na mdomo ukiwa umejaa akalisukuma daftari kwangu.

Nilipomrudishia mama mkwe kifuu, alikunja mikono.

"Mimi mkono wangu unajua, mwanangu. Hicho kikae na maandishi yake."

Kitabu cha Kireno dada alikikataa, eti karatasi zake zinateleza, mafuta hayaingii. Sasa kinazuia mlango wa jikoni usigongwe na upepo, na kwa kazi hiyo hakina mpinzani. Sanduku limepokea viwili vyake. Kwa sababu ya kifuu halifungiki tena, nimelikaza kwa kipande cha kanga.