Mwadi Aliyetakiwa Kusafishwa

Mwadi hakuwa mwanamke wa makelele. Ukoo wa mumewe ulipomwambia aketi, aliketi. Ulipomwambia anyamaze, alikuwa ameshanyamaza zamani. Watu wa Kamina, mji wa kusini mwa Kongo, walimjua kwa kazi moja, kufua vitambaa vya altare vya parokia. Maji ya suuzo la kwanza hakuyamwaga mferejini. Aliyamwaga udongoni nyuma ya sakristia, kama alivyofundishwa, maana vitambaa hivyo vimegusa kikombe cha Misa.

Kisha Kalunga, mumewe, fundi wa reli, akafa kwa homa, na mikono ile ile ikageuka kuwa uchafu. Asipike, asibebe mtoto wa mtu, asiguse kitambaa cha altare. Siku ya kuondoa matanga, shemeji yake Kisimba angelala naye, na hapo mzimu wa marehemu ungemwacha. Akikataa, angetoka na nguo zake tu, na binti yake Gloire angebaki kwa ukoo. Jambo hilo huitwa kusafisha. Ulimi hauna mfupa, hukipa kitu chochote jina lolote.

Kilichomkaa Mwadi rohoni ni neno alilolisikia kwa padri wao, Abbé Marc, katika mafunzo ya Biblia. Kiebrania husema tahor, yaani safi. Maandiko hulitumia kwa dhahabu isiyochanganywa na kitu, hulitumia kwa moyo, na hulitumia kwa mtu anayeruhusiwa kukaribia mahali patakatifu. Aliyegusa maiti hakuwa tahor, lakini hakuwa na kosa, kwani kuzika ni wajibu. Alinyunyiziwa maji yenye majivu, akafua nguo, akaoga, akangoja jua la siku ya saba lizame. Basi. Siku ile ya mafunzo Mwadi alikuwa amekaa nyuma akiwaza sombe, majani ya muhogo aliyoyaacha motoni. Sasa neno lilimrudia kila alipofumba macho.

Siku yenyewe ilipofika, ukoo ulijaa uani tangu mchana. Muteba, mkubwa wa ukoo, ndugu wa baba mkwe aliyekufa zamani, alikaa kwenye kiti. Mama Mbayo, mama mkwe, alikaa mkekani akitazama chini. Kisimba alikuwa ameshaingia ndani.

“Ingia, mwana,” akasema Muteba. “Bantu banangoja.”

Mwadi akasimama. Badala ya kwenda mlangoni akaenda jikoni, akarudi na beseni la maji na sahani ya majivu, akaviweka katikati ya ua.

“Tata, minyi sikatale kusafishwa. Bwana yangu nilimunawisha na mikono yangu, njo vile. Lakini Mungu aliomba mayi na majivu. Hakuomba mwanaume.”

“Weye njo unafundisha bankambo, babu zetu?” Muteba hakupaza sauti. “Na mutoto akigonjwa, utasema nini?”

Swali hilo lilimchoma. Mizimu aliiogopa kama wao. Alilelewa na hofu hiyo hiyo.

“Sijue, tata. Lakini mule siingie.”

“Basi kamata nguo zako. Mutoto anabakia.”

Gloire akaanza kulia. Kisimba akatokea mlangoni, vifungo vya shati wazi, akauliza kinachokawiza ni nini. Mwadi alimtazama mwanawe, akautazama mlango, na mguu wake mmoja ukasogea kuelekea ndani. Mama gani asingeusogeza?

Hapo Mama Mbayo akainuka, polepole kwa sababu ya kiuno. Wote walidhani anakwenda kumsukuma Mwadi mlangoni. Alipofika kwenye beseni akainama, akamimina majivu majini, akakoroga kwa mkono.

“Mama Mbayo,” akasema Muteba, “kaa chini.”

“Muteba, bwana yangu alipokufa, weye njo ulikuwa unaningoja mu nyumba.” Hakumtazama. “Minyi niliingia. Mpaka leo sijatoka mule.”

Muteba akakitazama kidole gumba cha mguu wake.

Mama Mbayo akachota kwa viganja, akammwagia mkamwana wake kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili, maji ya kijivu yakimtiririka shingoni. Kisha akampa yeye beseni, akavua kitambaa chake cha kichwa na kuinamisha mvi zake mbele yake.

“Na minyi,” akasema.