Jogoo wa Kuletwa

Majivu ya jikoni yakikutana na mavi ya kuku hutoa harufu ambayo siwezi kuisifia mbele za watu, ila mimi naipenda. Kila asubuhi natawanya majivu bandani kuzuia utitiri, na kila asubuhi harufu ile inanirudisha kwa Bibi, mama mzazi wa baba, hapa hapa Ikungi. Kurudi kwenyewe si mbali. Banda lake lilikuwa pale unapoona ule mpapai. Wenzangu niliosoma nao sekondari wamefika Dar, wengine wamevuka maji. Mimi safari yangu kubwa ya ukubwani ni Singida Mjini, na hata huko ikifika saa tisa alasiri naanza kuulizia basi la kurudi.

Bibi alikuwa na kuku wengi na jogoo mmoja. Tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alitembea ametanguliza kifua na kazi yake ilikuwa kuitisha mikutano. Alikuwa mwekundu, mzito, na kidole cha kati cha mguu wa kulia kilipinda kuingia ndani, kama mtu anayeficha kitu kiganjani. Baba yake alikuwa nacho kidole hicho, na babu yake pia. Kwa kidole kile Bibi aliwatambua kuku wake hata wakichanganyika na wa jirani.

Kuku ndio waliokuwa heshima yake. Mgeni hakuondoka kwa Bibi mikono mitupu. Awe amekuja kwa msiba, kwa ubatizo, au amekuja tu kwa sababu kwake kuna njaa, alitoka na kuku kwapani. Kwa hiyo mwaka ule mayai yalipoanza kuwa viza, nyumba nzima iliingiwa na wasiwasi. Kuku alilalia wiki zake zote akatoka na vifaranga viwili, na hao wawili miguu ilikuwa ikiwatetemeka kama wazee wa kanisa. Jirani mmoja akasema ni kideri. Mwingine akasema ni jicho la watu. Bibi akakaa kwenye kigoda, akamtazama Mwenyekiti kwa muda mrefu.

"Si ugonjwa," akasema. "Huyu mzee anapanda binti zake. Na baba yake alifanya hivyo hivyo. Damu imechoka."

Nikamuuliza damu ikichoka inapumzishwaje.

"Haipumzishwi, mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyonitania, kama bibi zetu wanavyotania wajukuu wa kike. "Inaletewa mgeni."

Kwenye mtama alifanya vivyo hivyo. Masuke mazuri aliyaning'iniza juu ya moto yakaushwe na moshi, lakini kila baada ya misimu kadhaa aliyabadilisha na ya watu wa mbali. Alisema mbegu ikikaa sana nyumbani inakuwa mvivu. Alipokuwa akisema hivyo alinitazama mimi, na bado sijui kwa nini.

Tukaanza kutafuta jogoo. Bibi alitangulia, nyuma yake Shangazi Salome amebeba mitetea miwili ya kubadilishia, halafu mimi nikilalamikia jua. Shangazi alikuwa kitindamimba wa Bibi. Dada zake wote walikwisha kuolewa, akabaki yeye, na yeye ndiye aliyekuwa mikono ya Bibi: kuchota maji, kutunga uzi kwenye sindano, kumsuka nywele Jumapili, kumchekesha akinuna.

Kwa Mzee Jumanne Shangazi alimkamata jogoo, akamgeuza, akainua mguu. Kidole kimepinda.

"Mzee Jumanne, shikamoo tena. Huyu ulimtoa wapi?"

"Si kwa mama yako! Alinipa mtetea aliyemzaa huyu, nilipokuja kutoa pole."

Kwa Mama Yohana, kidole kimepinda. Huyo alikuwa wa ubatizo. Mji wa tatu jogoo alikuwa amepinda vidole miguu yote miwili, Shangazi akasema, "Huyu sasa ndiye askofu wao." Alicheka hadi mitetea ikapiga kelele. Bibi hakucheka. Miaka yote alikuwa akigawa kuku kwa roho safi, na kumbe alikuwa akijijengea ukoo. Kila jogoo aliyewika asubuhi kutoka kwetu hadi barabara kuu alikuwa mjukuu wake.

Mama Yohana hakutaka tuondoke hivi hivi. Alionyesha kwa kidevu kijana wake aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli. "Jogoo sina, ila kijana ninaye. Na Salome huyu mtamweka ndani mpaka lini?"

"Bibi yako na mama yangu walizaliwa mji mmoja," Bibi akamjibu. "Unataka tuje tuhesabu vidole vya wajukuu?"

Wakacheka wote, na kijana akaendelea na pancha yake.

Mwishowe Bibi akamkumbuka Mama Elia, rafiki yake wa usichana aliyeolewa Mitundu huko. Tulipanda basi hadi Itigi, halafu gari la magunia. Nilitapika kabla ya Manyoni, nikatapika na baada ya Manyoni, na hapo ndipo nilipoapa mambo ya safari niwaachie wenye nayo.

Jogoo wa Mama Elia alikuwa na madoadoa kama kanga, mrefu, vidole vimenyooka. Elia mwenyewe, mwanawe, alitumwa kumkamata. Jogoo akamzungusha kwenye mtama, akampitisha uani, akamwangusha kwenye maji ya kuoshea vyombo. Shangazi Salome alicheka akashika ukuta. Elia aliinuka amelowa, jogoo yuko mkononi, akamkabidhi Shangazi.

Bibi alimkagua macho, mbawa na miguu. Akauliza mama yake analalia mwenyewe au anatelekeza mayai. Mama Elia akasema analalia, na ni mkali, kunguru hasogei. Kisha Bibi akamgeukia Elia kwa sauti ile ile.

"Na wewe, baba, upande wa marehemu baba yako ni watu wa wapi?"

"Wakimbu, mama. Wa huku huku."

"Unaamka saa ngapi?"

"Naamka na huyu," akasema, akimwonyesha jogoo.

Mimi niliona ni maneno ya watu wazima ya kusubiri ugali uive.

Msimu uliofuata vifaranga walitoka wengi, wana madoadoa, wanakimbia siku ile ile. Mwenyekiti alistaafia kwenye sufuria. Nililia sana, halafu nikaomba paja. Na baada ya mavuno washenga walikuja kutoka Mitundu.

Siku Shangazi anaondoka kulikuwa na pilau, vigelegele na gari lililofungwa vitambaa. Nilifurahi kuliko bibi harusi. Gari lilipopotea kwenye kona nilimtafuta Bibi, nikamkuta bandani ameshika beseni la majivu.

"Bibi, si ulitawanya asubuhi?"

"Utitiri haujui asubuhi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema majivu yamemwingia. Basi nikamfanyia kama alivyonifanyia mimi nikiingiwa na vumbi: nikafungua kope zake kwa vidole, nikapuliza, fuu, fuu. Alijiinamia akaniacha nipulize. Nilijiona daktari.

Kidato cha pili mwalimu wa baiolojia alipotufundisha hatari ya wanyama wa damu moja kuzaliana, nilinyoosha mkono nikasimulia habari za jogoo wetu. Darasa zima likaniita Mwenyekiti mpaka namaliza shule. Nilidhani siku ile nimeelewa kila kitu.

Nilikuwa nimeelewa nusu ya jogoo tu. Bibi aliijua sheria yote: anayetaka damu ngeni iingie kwake, na yeye ajue damu yake itatoka iende kwa wengine. Pale uani Mitundu, alipomuuliza Elia anaamka saa ngapi, alikuwa anaiagiza mikono yake mwenyewe iondoke. Na hakupunguza swali hata moja.

Mimi sheria hiyo nilijaribu kuikwepa. Nilikaa nyumbani, mume akanifuata hapa, fundi wa mashine za kukamua alizeti kutoka Iramba. Mpaka leo kijijini wanamwita jogoo wa kuletwa, naye akiitwa hivyo anatanguliza kifua.

Ila juzi walikuja washenga kutoka Kintinku, kwa ajili ya binti yetu. Watu wazuri, ukoo hatuna tunapokutana, kijana anaamka mapema. Niliuliza maswali yote. Walipoondoka nikachukua beseni nikaenda bandani, binti akanifuata.

"Mama, si umeshatawanya leo?"

Nikamwambia njoo hapa, nipulizie macho.