Waya Ambao Hulda Hakuukata

Saa moja asubuhi, Machi hii ya 1920, theluji ya mwisho inadondoka taratibu juu ya mashamba ya mahindi ya Iowa, Marekani. Hulda Reints, 26, anaketi mbele ya ubao wa kuunganishia simu zote za mji, anavaa visikilizio na kufumba macho. Nyumba 112 zinaamkia masikioni mwake: kikohozi, jogoo, mlio wa saa ya ukutani.

"Nawajua kwa pumzi zao," anasema. "Mtu hajafungua mdomo, nishajua ni nani."

Sauti moja haisikiki tena. Ni ya Meta Tjaden, mjane aliyehamia hapa kutoka Ujerumani miaka arobaini iliyopita, na Kiingereza hakikupata kumkaa mdomoni.

Mei 1918, Marekani ikipigana na Ujerumani, gavana alipiga marufuku lugha za kigeni, hata kwenye simu. Hulda, binti wa Wajerumani, aliagizwa kukata laini kila asikiapo Kijerumani. Akakata. Mara kumi, mara ishirini.

Septemba, Mama Tjaden aliletewa habari kwamba mwanawe Harm ameuawa Ufaransa, akiwa na sare ya Marekani mwilini. Akampigia dada yake.

"Mkono ulikuwa tayari kwenye waya," Hulda anakumbuka. "Ukagoma."

Nyumba kadhaa zilitumia laini moja, na jirani aliyetega sikio kwenye laini hiyohiyo alimshtaki Hulda. Kamati ya mji ikamwita, ikataka kujua ni siri gani zilizosemwa.

"Nikawaambia walikuwa wanaulizana shati la Harm la kanisani apewe nani. Wakainamisha vichwa. Halafu wakanifukuza."

Mlango wa kwao ulipakwa rangi ya njano, alama ya wasaliti. Dukani walimzomea kwa jina la mfalme wa Ujerumani: "We Hulda, hebu tuunganishe na Kaiza wako!" Kwa miezi saba alifua nguo za watu, na hata ndani ya povu, anasema, alisikia simu zikimwita.

Vita viliisha, marufuku ikaondolewa, naye akarudishwa, maana hakuna mwingine aliyezijua laini zote. Ila Mama Tjaden hajagusa simu tangu siku ile aliyosikilizwa.

"Huniambia, 'Mwanangu, kile kidude kina masikio mengi mno.'"

Jumapili Hulda atamleta ofisini, amketishe kwenye kiti chake, amuunganishe na dada yake.

"Nikishawaunganisha, natoka nje," anasema. "Waongee Kijerumani mpaka wachoke. Sitaki kusikia hata neno moja."