Fyuzi ya Mia

Kaka yangu alikuwa na imani moja kuhusu fyuzi: ikiungua, weka kubwa zaidi. Nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni upumbavu. Mimi nina duka dogo Runazi, nauza sukari, sabuni na vifaa vya sola, kwa hiyo waya na fyuzi si vitu vya kunibabaisha. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya muziki, inawekwa kwa ajili ya waya. Umeme ukizidi, fyuzi inatakiwa ife kwanza ili waya usishike moto. Kazi yake ni hiyo tu.

Gari lake alilikodisha kwenye harusi, na nyuma alikuwa amefunga amplifaya na spika mbili kubwa. Waya mwembamba ulitoka kwenye betri, ukapita chini ya kapeti upande wa kushoto hadi kwenye buti. Fundi aliyemfungia aliutazama unene wa waya ule, akaweka fyuzi ya ampea arobaini. Sauti ikipandishwa sana fyuzi ilikatika, muziki ukanyamaza. Mimi niliona ni jambo jema, kaka aliona ni aibu.

Namwelewa kidogo, lakini kidogo tu. Kwetu bibi harusi akitolewa nyumbani, muziki unaomsindikiza haukatiki mpaka akanyage ua wa wakwe. Ukikatika njiani, watu wanaweka akilini. Mimba ikiharibika, ng'ombe akifa, mume akianza ulevi, utasikia: si mnakumbuka muziki ulinyamaza? Kwa hiyo ilipokaribia siku ya kumpeleka mdogo wetu wa mwisho kwa mumewe Murukulazo, kaka alikwenda Rusumo, akamwomba dereva mmoja wa lori fyuzi kubwa, akapewa ya mia. Alinionyesha akicheka. Nikamwambia aitoe, au anunue waya mnene. Akasema waya atanunua baada ya harusi, na siku hiyo ataendesha kwa sauti ya chini. Sikumwamini, ila gari lingine lenye muziki la kumbeba bibi harusi hatukuwa nalo.

Tuliondoka mchana. Mbele alikaa kaka na shangazi, nyuma mimi na mdogo wangu, yeye upande wa kushoto, gauni lake limejaa mpaka mapajani mwangu. Jamaa wengine walitufuata kwa magari. Vioo tulifunga kwa sababu ya vumbi. Sauti ya chini ilidumu mpaka kijiji cha kwanza. Watu walitoka vibarazani kupunga mikono, kaka akashindwa kujizuia, akapandisha. Tangu hapo hakushusha tena. Viti vilitetemeka, na mimi nilikaa nikiomba kimoyomoyo muziki ukatike.

Mdogo wangu alivua viatu, vilikuwa vinambana. Baadaye akaniegemea, akasema sakafu ina joto. Nikamwambia kaka. Akasema ni injini, tunapanda mlima. Nikainama, nikapata harufu ya plastiki inayoungua, harufu ninayoijua vizuri kabisa. Nikamwambia azime, na safari hii sikusema kwa upole. Shangazi ndiye aliyegeuka.

“Usizime,” alimwambia kaka huku akinitazama mimi. “Tumekaribia. Mnataka mtoto aingie kwa watu kama maiti?”

Kaka hakuzima. Niliogopa, na hasira ilinipanda. Nilikuwa bado nabishana naye moshi mwembamba ulipochomoza pembeni mwa kapeti. Mdogo wangu akapiga yowe fupi, akanyanyua mguu, na kapeti iliyoyeyuka ikanyanyuka nao, imemganda unyayoni. Nilifungua mlango gari likiwa bado linatembea. Kaka akafunga breki, nikamvuta nje na gauni lake lote, upindo tayari umeanza kujikunja kwa moto.

Tulisimama kando ya migomba. Moshi ulitoka milangoni na muziki uliendelea kupiga ndani ya gari tupu, safi kabisa, bila kukwaruza. Sijawahi kuchukia wimbo kama nilivyouchukia ule. Kaka alifungua boneti, akazungushia shati mkononi, akang'oa waya wa betri. Kukawa kimya. Alipoitazama fyuzi yake ilikuwa nzima, haina hata doa. Shangazi akaanza kulia, na haikuwa kwa sababu ya mguu. Waliotufuata walishuka, wakatuzunguka. Hakuna aliyeuliza kama bibi harusi ameumia. Waliuliza kama muziki umekatika.

Tulimhamishia gari la nyuma, tukaingia Murukulazo kimya kimya. Kina mama waliokuwa wamejipanga uani kwa vigelegele wakashusha mikono. Mdogo wangu aliteremka akichechemea, kitambaa kimefungwa mguuni, akawaamkia wakwe zake shikamoo mmoja baada ya mwingine, na wote wakaitikia huku wakitazama barabarani tulikotoka.

Siku hizi kaka ana waya mnene, na fyuzi inayolingana nao. Mimi na yeye hatujawahi kulizungumza. Lakini mtoto wa kwanza wa mdogo wangu huugua mara kwa mara, na kila akipata homa mama mkwe huja kukaa mlangoni, akauliza taratibu kwa nini siku ile muziki ulinyamaza. Mdogo wangu amechoka kueleza habari za waya. Huvua kiatu tu, akamwonyesha unyayo.

Mama mkwe hulitazama lile kovu, akatikisa kichwa.

“Ndilo hilo ninalolisema,” humwambia.