Kumtafuta Kaka Kando ya Bahari

Mara yangu ya kwanza kuzunguka Dar es Salaam mtaa kwa mtaa, kando ya bahari, sikwenda kutembea. Nilikwenda kumtafuta kaka yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu walimu wenzangu wa Masasi, waliponiona narudi Jumanne nimebabuka uso kwa jua, walinitania kwamba mwenzao nimetoka kula raha ufukweni, nami sikuwa na nguvu ya kuwasahihisha.

Kwetu tuko wawili tu, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho. Aliondoka nyumbani, Mkunya huko Newala, miaka kumi na moja iliyopita kwenda kutafuta maisha. Mwanzoni alipiga simu kila mwezi, baadaye kila sikukuu. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyempigia. Akaniambia, "Siwezi kuja hivi nilivyo." Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, wanaume wameshabeba majembe kwenda makaburini, na mtoto wa kiume wa marehemu ananieleza habari za alivyo! Nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo. Nikamwambia, "Basi kaa hukohuko. Huku hatuna haja na wewe." Akajibu, "Haya," akakata simu. Mama sikumwambia, si siku ile wala baadaye.

Miaka minne ikapita. Mwaka huu miguu ya mama ikaanza kuvimba, na daktari akatuambia moyo wake umechoka. Alimpa vidonge na kumkataza chumvi. Mama hakuuliza kama atapona. Nilipopanda kutoka Masasi kuja kumwona alinikalisha kwenye mkeka, akasema, "Nataka kaka yako anione ningali nasema. Nenda kanchukue."

Kumchukua wapi? Namba yake ilikuwa imekufa zamani. Ila sikukuu iliyopita alikuwa amepiga kwa simu ya mtu, akaongea na mama dakika mbili. Alimwambia anakaa karibu na bahari, kazi yake ni barafu za samaki, na mama mwenyewe alisikia honi ya pantoni wakati wanaongea. Mimi hakuniulizia. Nilipoijaribu ile namba, mwenye simu alisema yeye ni abiria tu, aliombwa simu na mtu kivukoni, akampa.

Mama alinipa onyo moja. Kwetu mvulana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na lile la utotoni linaachwa hukohuko porini. Kumwita mwanamume jina lake la kabla ya jando ni kumtukana, na zamani mtu alitozwa kuku kwa kosa hilo. Kwa dada ni vibaya zaidi. "Usiende kunwaibisha ntoto wangu mbele za watu," mama alisema. Nikamwambia mimi ni mwalimu, adabu naijua.

Niliomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu. Ijumaa ikaishia kwenye basi. Nikalala gesti moja upande wa Kigamboni, karibu kabisa na kivuko, ili honi hiyo niisikie kwa masikio yangu. Niliisikia, tena vizuri mno.

Jumamosi asubuhi nikavuka kwenda soko la samaki, Feri kama wanavyopaita. Mtu wa Newala ukimweka Feri saa moja asubuhi hajui aweke wapi miguu. Maji chini, magamba ya samaki chini, watu wanapita na ndoo kichwani wakikupigia kelele upishe. Muuza samaki mmoja alinisikia lafudhi, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia akacheka mpaka akashika meza. "Huku dada ni samaki wa maji! Samaki nchanga mmewaacha kwenu!" Samaki nchanga ndio wale panya wa shambani tunaowala kusini, na mtu wa huko akifika mjini lazima atupiwe hilo. Siku nyingine ningemjibu mpaka akajuta. Siku hiyo nilicheka naye, kwa kuwa nilihitaji anionyeshe wanakovunja barafu.

Walikuwa wanaume wanne kando ya ukuta, wanapondaponda mapande ya barafu kwa nyundo. Pembeni yao mama mmoja anauza chai na maandazi. Niliwasalimia, nikasema namtafuta kaka yangu, mtu wa Newala, nikalitaja jina lake la jando kwa sauti ya darasani, maana nyundo zile hazikunyamaza. Mmoja alisimama, akafuta mikono, akaniambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya picha, ya zamani, kaka amesimama na baiskeli, uso umeliwa na madoa meupe. Akaitazama kwa heshima. "Huyu anaweza kuwa yeyote, dada." Wawili wakatikisa vichwa. Wa nne alikuwa amejitupia gunia mabegani, ametugeuzia mgongo, anaendelea kuponda. Nikanywa chai pale, nikarudia jina tena kwa mama wa chai, naye akasema halijui.

Basi nikaanza kuzunguka. Niliifuata ile barabara ya baharini iliyo na majengo ya ofisi na miti mikubwa, ambako bahari iko upande mmoja na walinzi upande mwingine. Nikawauliza walinzi, nikauliza wauza madafu. Mchana nikavuka tena Kigamboni, nikaenda kwenye fukwe ambako mtu hulipa kiingilio ili akanyage mchanga. Langoni msichana aliniuliza nimekuja na watoto wangapi. Nikamwambia nimekuja kutafuta mtu mzima. Akaita wenzake jikoni, wakanisikiliza vizuri tu, na hakuna aliyemjua. Watu walikuwa wanaogelea na maboya ya rangi, muziki unapigwa, na mimi nimesimama na viatu mkononi kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Niliuchukia mji ule wote. Niliuchukia kwa kuwa ulikuwa unapendeza.

Jumapili nikaenda Msasani. Nyuma ya kuta ndefu za matajiri kuna vichochoro vya watu wa kawaida, vinateremka mpaka ufukweni, na huko mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki aliniambia mtu wa jina hilo yupo, tena anafanya kazi ya barafu. Akamtuma mtu kumwita. Nilisimama pale nikapanga maneno. Nilipanga nimwambie nisamehe kwanza, habari za mama baadaye, kisha nikabadilisha, mama kwanza. Akaja mzee mfupi wa Rufiji, anafuta mikono kwenye msuli, anatabasamu. Jina ni lilelile. Shikamoo yangu ilitoka na kilio, na mzee wa watu akababaika, akaniitikia marahaba mara tatu.

Kutoka hapo nikaenda Coco, kwa kuwa ni ufukwe na sikutaka niuache ufukwe wowote. Watu wa mjini hupanda magari mazuri kuja pale kula mihogo. Mihogo! Kitu tunachokula kwetu kwa sababu hakuna kingine, wao wanakipangia foleni, wanakimwagia pilipili, wanapiga nacho picha. Nilinunua, nikakaa kwenye jiwe, nikala huku nalia. Nililia kwa sauti, na hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nimeshajua kwamba simpati, na kwamba nimemtuma mimi mwenyewe alikopotelea.

Saa tisa nikarudi Feri kuvuka kwenda kuchukua begi langu. Soko lilikuwa limepoa, wanaosha sakafu. Mama wa chai alikuwa anakusanya vikombe. Akaniita, "Dada, umempata?" Nikasema sijampata. Akanipa kigoda. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mama alinikataza. Nilimsogelea yule mama sikioni nikamtajia jina la utotoni la kaka yangu, kwa kunong'ona, kama mtu anayesema uchafu.

Aliweka vikombe chini. "Sasa si ungesema jana!"

"Unamjua?"

"Mwaka wa tatu ananywa chai hapa. Ndilo jina lililo kwenye kitambulisho chake, na sisi wote tunamwita hilo. Jana alikuwa palepale ulipouliza. Yule wa gunia."

Ule mgongo nilikuwa nimeutazama muda wote niliokunywa chai. Kaka yangu niliyemjua alikuwa mtu wa mabega mapana, na yule wa gunia alikuwa mwembamba, shingo imemtoka mishipa. Nilikuwa nimefikiri tu kwamba ni mtu asiye na adabu, anasalimiwa hageuki.

"Ulipoondoka nikamwuliza, huyu dada anamtafuta nani? Si mtu wa kwenu? Akasema, 'Anayetafutwa simjui.' Chai yake hakuimaliza. Akachukua mfuko wake, akaniambia mama baki salama. Nikadhani anaenda kulala. Leo hakuja, na chumbani kwake mwenzake anasema kabeba na godoro."

"Kaenda wapi?"

"Hakusema, mwanangu."

Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka wakanimwagia maji miguuni. Nilijilaumu kwa jina. Ningelitamka lile la kitoto Jumamosi, mama wa chai angeninyooshea kidole tu, yule pale, na mimi ningemshika gunia kabla hajainuka. Nilijilaumu hivyo usiku kucha, na Jumatatu njia nzima hadi Masasi. Lakini jina halikumficha. Lile la jando ni lake, alilitambua nilipolitaja, na alijua ni nani anayelitaja. Kabla ya hapo, mara ya mwisho aliyosikia sauti yangu ilikuwa inamwambia akae hukohuko. Nilimwendea mpaka hapohapo alipokaa, naye akahama.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Newala. Mashambani walikuwa wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, hewa nzima inakereketa koo. Nilimkuta mama kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu imewekwa juu ya mto. Njia nzima nilikuwa natafuta la kumwambia na sikulipata. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama nyuma yangu mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Hukunwona," alisema.

"Sikumwona, mama."

"Uliulizia jina lake la heshima?"

"Nililiulizia hilohilo."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama. Sokoni kwenyewe, wanakofanyia kazi ya barafu."

Alitikisa kichwa kukubali, akanipapasa mkono. Vidole vyake vilikuwa vimevimba navyo sasa, pete imezama.

"Basi hakuwepo," alisema. "Angekuwepo, akasikia sauti yako, angekuja mbio."

Nikasema ndiyo, mama, angekuja.