Mlango wa Tano wa Ngome

Mjomba wangu alisema nitarudi Tanga na begi tupu na kikohozi. Wenzake barazani wakaongeza: "Mlinzi wa duka akasome mashairi ya Wataliano wa kale? Kwani ya Kiswahili ameyamaliza?" Leo shahada yangu imening'inia sebuleni, kwenye nyumba niliyoijenga bila urithi wa mtu, na mjomba akija hukaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

Johannesburg nililinda duka la Msomali mtaa wa Mayfair asubuhi, mchana nikaenda darasani, chuo kikuu cha Braamfontein. Ada nilikopa: kwa Msomali huyo, kwa Watanzania niliosali nao, na sehemu kubwa kwa fundi cherehani Mkongomani niliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Berea.

Shairi nililopewa kuandika tasnifu juu yake halikuwa na jina la mtunzi. Linasimulia ngome yenye milango mitano, mlinzi wake, na maharamia wanaoizingira. Mhadhiri alitufundisha kwamba ngome ni mwili, milango ni hisi, mlinzi ni roho, na maharamia ni dhambi. Beti za mwisho, mlinzi anapokatwa mkono kwenye mlango wa tano na kuacha kumsifu Mungu, alisema ziliongezwa na mtu mwingine, kwa kuwa sauti inabadilika mno. Nami niliandika hivyohivyo, kwa Kiingereza kilichowashinda waliozaliwa nacho. Shairi lenyewe nililihifadhi kwa sauti, kama tulivyohifadhi sura za Kurani chuoni tukiwa watoto, nikimfasiria fundi kila ubeti mpaka akachoka.

"Bwana mashairi," aliniuliza akiwa anakanyaga cherehani, "hii ngome yako iko na milango ngapi?"

"Mitano."

"Sisi tuko na moja tu. Na kitasa yake imekufa."

Jumapili mchana, kesho yake nikiwa natakiwa kutetea kazi yangu mbele ya jopo, vijana wa mtaani walikuja na mapanga, nondo na chupa za petroli, wakiimba kwamba wageni tutoke. Tulimsikia jirani akiburutwa ngazini, kichwa kikigonga kila kidato. Kisha wakaufikia mlango wetu. Niliukaza kwa mgongo, fundi akausukuma kwa viganja.

"Shika mulango, ndugu! Usiachie!"

Shoka likapasua ubao. Pigo la pili likapita na vidole vya mkono wa kulia wa fundi. Alikuwa akiomba, "Yesu, Yesu," na ombi likakatika katikati. Akaanza kututukana wote: wao, mimi, mama yangu, na Mungu mwenyewe. Mlango ukaanguka. Aliyetangulia kuingia nilimvunja taya kwa pasi ya fundi, na sioni haya kulisema. Waliomfuata wakanipasua kichwa kwa nondo, wakachoma karatasi zangu, wakaitupa cherehani dirishani.

Asubuhi niliingia mbele ya jopo na nyuzi za hospitali kichwani.

"Kazi yako iko wapi?" mhadhiri aliuliza.

"Imeungua. Hata hivyo ilikuwa na kosa."

Nikalighani shairi lote kwa Kitaliano, kwa mahadhi ya utenzi, maana ndivyo nilivyolihifadhi. Nikawaonyesha kwamba vina vya ubeti wa kwanza vinarudi katika ubeti wa mwisho kwa mpangilio uleule. Nikasema mtunzi ni mmoja: aliyeomba ndiye aliyelaani. Kabla mlinzi hajawa roho, alikuwa mtu, na mlango ulikuwa wa mbao.

"Huo ni ushahidi," mhadhiri aliuliza, "au ni machungu ya jana?"

"Vyote viwili, mwalimu."

Hakukubali. Lakini alinifaulisha, na hakuna mwingine darasani aliyelisoma shairi lile bila karatasi.

Nilifanya kazi kwa jino na ukucha mpaka siku ile moja niliyowazungukia wote walionikopesha. Watanzania niliwalipa msikitini, Msomali dukani kwake. Fundi nilimwachia mwisho. Nilimkuta kando ya barabara akiuza vifungo na nyuzi, kwa kuwa mkasi haukushikika tena.

"Hunidai tena," nikamwambia.

Alizipokea noti kwa mkono wa kushoto, akazibana magotini ili azihesabu.

"Sema ile ya mwisho," akasema bila kuinua macho. "Ya mukono."

Nikaisema. Nilipofika pale sala ya mlinzi inapokatika, aliacha kuhesabu.